Pesa zetu ziko kashani, mume hataki benki na mie silali

SWALI

Assalaam aleikum mama. Majibu yako huwa nayasoma kwa simu ya binti yangu, leo nkasema niandike mie mwenyewe manake hili jambo limenikaa kooni. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Amu, yaani Lamu mjini, mtaa wa Langoni. Mume wangu ni baharia, msimu ukiwa mzuri anapeleka wageni Manda na Shela kwa mashua ya watu, na mimi napika achari za embe na ndimu natuma Mombasa, halafu jioni nauza viazi karai na bajia hapo barazani. Tumekuwa tukiweka kidogo kidogo miaka mingi, nia yetu tununue mashua yetu ya faiba na injini yake, na Mungu akijaalia tupandishe chumba cha juu. Pesa zote ziko ndani ya kasha la marehemu nyanya, chini ya leso na nguo za Idi. Juzi nilifunga mlango nikazihesabu, laki saba na elfu arubaini.

Sasa mama, kaka yangu anaefanya kazi Mombasa alikuja arusini nkamdokezea kidogo tu, akashika kichwa. Akanambia peleka benki kesho asubuhi. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema benki ni riba na riba ni haramu, halafu anasema benki zenyewe hufungwa, watu waliamka wakakuta mlango umetiwa kufuli na pesa zao ziko ndani, aliona kwa televisheni. Mama mkwe nae anasema zamani kulikuwa na benki gani na watu wakaoa wakajenga wakahiji, pesa ni ile unayoishika mkononi.

Mie sijui nimfuate nani. Nyuma yetu kuna jiko la makuti la jirani, lilishika moto tukazima kwa ndoo, na tangu siku ile silali. Paka akipita juu ya paa naamka. Nkienda arusini sikai, nkienda matangani sikai, nasema natoka kidogo, kumbe nakwenda kuangalia kasha.

Na kuna jingine. Ndani ya hizo pesa, laki na nusu ni zangu mie za achari. Mume anajua naweka lakini hajui ni kiasi gani. Sijaiba, ni jasho langu, ila zimechanganyika na za mashua na naogopa hata kulifungua hilo neno. Nkipeleka benki si atajua? Na je nkizitia zote M-Pesa nikae nazo kwa simu, si ni sawa tu? Nisaidie mama.

Mama Achari, Langoni

JIBU

Waaleikumu salaam mwanangu. Sikuzungushi, pesa hizo zitoke kashani. Sio zote, sio kwa benki moja, na sio kesho asubuhi wewe peke yako na mkoba begani kama kakako anavyotaka, lakini zitoke. Na naomba mumeo mkae msome haya pamoja kwa sababu yale anayoyaogopa si uongo na hayataki kubezwa.

Ni kweli benki hufungwa. Hapa kwetu Kenya zilifungwa tatu ndani ya mwaka usiotimia, Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba 2015, halafu Chase Bank Aprili 2016. Watu walikwenda wakakuta milango imefungwa kama alivyoona kwa televisheni, na wenye pesa nyingi pale Imperial walihangaika miaka hadi benki yenyewe ikaamuliwa ivunjwe kabisa Disemba 2021. Kwa hivo mtu akikwambia benki haianguki mwambie inaanguka. Sasa lile ambalo televisheni huwa haikai nalo sana ni kwamba kuna shirika la serikali linaitwa KDIC, kazi yake ni bima ya amana, yaani benki ikifa hao ndio wanaolipa wenye akaunti. Zamani kiwango kilikuwa laki moja tu, na zile benki tatu zilifungwa wakati huo wa laki moja ndio maana kilio kilikuwa kikubwa. Tangu Julai 2020 kiwango ni laki tano. Mtu mmoja, benki moja, laki tano. Huendi kulipia wewe hiyo bima, benki ndio inalipa, ukiwa na akaunti pale umo.

Lakini shika vizuri hapo pa mtu mmoja benki moja manake wengi wanateleza. Ukiwa na akaunti tatu kwa benki ile ile hazihesabiwi laki tano mara tatu, wanazijumlisha zote halafu mwisho wao ni laki tano. Nyinyi mna laki saba na arubaini, mkiziweka zote kwa benki moja kwa jina lako na benki ile ikafa, laki mbili na arubaini ziko nje ya bima na zitangoja mali ya benki iuzwe kwanza, ngoja ambayo inaweza kuwa ya miaka. Mkizigawa benki mbili hakuna hata shilingi iliyo nje. Na hata hizo za bima hulipwi siku ile ile milango imefungwa, kuna makaratasi na kusubiri, ndio sababu moja ya mimi kusema usipeleke zote.

Bima hii ni ya benki zenye leseni ya Benki Kuu, pamoja na zile benki ndogo za maikrofainansi zenye leseni. Sacco, vile vyama vya akiba na mikopo, haimo. Mchezo wa kina mama haumo. Yule kijana mwenye ofisi ya ghorofani anaekwambia umpe laki moja akurudishie laki na nusu baada ya miezi mitatu, huyo hayumo popote, mkimbie. Uliza benki kabla hujafungua, nyinyi ni wanachama wa KDIC? Ni swali la kawaida kabisa na hawawezi kukasirika.

Sasa turudi kwa kasha, kwa sababu mumeo ameipima hatari ya benki na hatari ya kasha hakuipima. Benki ikifa una laki tano. Kasha likiungua una nini? Hakuna mtu wa kumwendea. Wewe unaishi Amu, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta na jikoni kwa jirani ni makuti, sihitaji kukueleza moto hupita vipi wakati wa upepo. Mji wa Faza, kisiwani Pate hapo kwenu, uliungua 2009, mamia ya nyumba kwa moto mmoja, na nakwambia mle ndani kulikuwa na akiba za watu chini ya magodoro na ndani ya masanduku. Noti iliyoliwa pembe na panya unaweza kuipeleka benki wakaitazama, majivu huyapeleki popote. Halafu kuna mchwa, kuna chumvi na unyevu wa bahari, kuna fundi aliekuja kutengeneza dirisha, kuna mtoto wa jamaa aliekuja kukaa wiki mbili. Mwizi wa pesa za nyumbani mara nyingi ni mtu alieingia kwa mlango na kukaribishwa chai.

Na kuna lile la noti. Unakumbuka 2019? Tarehe mosi Juni, Madaraka, gavana wa Benki Kuu akatangaza noti ya elfu moja ya zamani itakufa, na mwisho wa Septemba ikafa. Miezi minne tu. Kuna noti zaidi ya milioni saba hazikurudi benki, yaani zaidi ya bilioni saba za shilingi zikawa karatasi. Zote hizo hazikuwa za wezi, wengine ni wazee waliosahau walipoweka, wengine walikufa na siri yao. Wewe umesema kasha ni la marehemu nyanya, basi kabla ya lolote toa kila kitu mpaka uone mbao za chini, ukikuta elfu moja ya zamani hiyo haina kazi tena, lakini noti za zamani za mia tano, za mia mbili, za mia moja na za hamsini bado ni pesa halali usizitupe.

Mama mkwe anasema pesa ni ile unayoishika. Mheshimu, usibishane nae, ila zama zake na zetu si moja. 2022 pakiti ya unga wa sima ya kilo mbili ilipita shilingi mia mbili, na Oktoba mwaka ule mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Tuseme basi bei zipande asilimia sita tu kila mwaka, laki tano iliyolala kashani miaka mitano ukiitoa itanunua vitu vya kama laki tatu na elfu sabini na tatu za leo. Hakuna alieingia ndani, kufuli ni lile lile, na zimepungua. Na bado zaka. Akiba ikifika nisabu, yaani kile kiwango ambacho zaka huanzia, na ikazungukiwa na mwaka ina zaka yake asilimia mbili na nusu, iwe kashani iwe benki, kwa laki saba na arubaini ni elfu kumi na nane na mia tano kila mwaka. Kutoa ni lazima na ni kheri, nasema tu kwamba mali iliyolala kila mwaka inashuka na hakuna kinachoipandisha.

Hapa niwe mkweli, hata benki ukiweka kwa akaunti isiyo na faida bei zitaila vile vile. Benki inakulinda na moto na mwizi na kifo, kupanda kwa bei haikulindi sana. Kwa hivo dawa ya hilo sio benki, ni mashua. Kama pesa za mwili wa mashua au za injini tayari zimetimia, kwa nini mnangoja zote zikamilike? Nunueni kimoja msimu wa kusi wakati wageni hawako na wenye mashua wanatafuta pesa, bei huwa inazungumzika. Mtu akikushauri ununue dhahabu, ni sawa kwa kuweka thamani, lakini dhahabu nayo itarudi kwa kasha lile lile.

Riba. Mimi si sheikh na sitoi fatwa. Ila mumeo asiseme benki zote ni riba kama kwamba mambo yamesimama palepale. Benki zinazofuata sharia ziko Kenya tangu 2008, Gulf African na First Community, ambayo siku hizi inaitwa Premier Bank, ndizo zilizotangulia, na benki nyengine kubwa zikafungua madirisha yao ya kiislamu. Zote hizi zina leseni ile ile ya Benki Kuu na bima ile ile ya KDIC. Huko kuna akaunti ya amana tu, unaweka laki unakuta laki, hakuna nyongeza ya aina yoyote, na kuna ya mudaraba ambayo benki inafanyia biashara pesa zako na faida mnagawana kwa kiwango mlichokubaliana, mwaka mzuri unapata mwaka mbaya unapata kidogo au hupati. Kama moyo wa mumeo una shaka na mudaraba achukue ile ya amana. Na aende kumuuliza sheikh anaemwamini, aende nae mpaka kwa meneja wakaulize maswali yote anayotaka mpaka aridhike. Kinachonisikitisha ni mtu kukimbia riba akaiacha mali ya watoto chini ya leso, wakati halali yake iko na mlango uko wazi.

M-Pesa umeuliza. Zote hazitoshi kwanza, laini moja mwisho wake laki tano. Mimi M-Pesa naipenda kwa matumizi ya kila siku na kwa hao wateja wako wa Mombasa wanaokutumia pesa za achari, lakini akiba ya maisha kwa simu ambayo binti anaitumia kusoma na wadogo zake wanaitumia kucheza gemu, hapana. Mtu akijua PIN yako, au akapiga akajifanya ni wa kampuni ukampa namba usiyotakiwa kumpa, zinatoka kwa dakika moja. Weka huko za wiki.

Sasa lile ambalo hukuniuliza na ndilo linaloniuma zaidi. Wewe na mumeo ndio mnaojua mahali, cha nani ni kiasi gani unajua wewe peke yako, na mmoja wenu anaingia baharini. Kakako anajua nusu. Tuseme yeye yuko nje na wewe umeugua ghafla, umepelekwa Mokowe kwa boti usiku, umeshushwa Malindi au Mombasa hujitambui, kasha liko kwa nyumba na watu wanaingia kusaidia watoto. Nani anajua cha nani ni kipi? Mungu apishe mbali, lakini tumeona mirathi ikivunja ndugu kwa sababu marehemu alikuwa na pesa za nyumbani, huyu anasema zilikuwa laki nne, huyu anasema alizikuta laki moja, na kadhi hana karatasi ya kushika. Benki ina rekodi. Pesa inajulikana kiasi, inajulikana jina, warithi wanakwenda kwa kadhi wanapewa haki yao. Hata akaunti ikisahaulika, ikipita miaka mitano bila kuguswa benki huipeleka kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, UFAA, na mwenyewe au mrithi anaweza kuidai kule. Ni usumbufu, ni makaratasi mengi, lakini haikupotea. Usiifikishe huko, kila msimu tia chochote hata elfu moja akaunti iwe hai.

Haya, laki na nusu yako. Mwanangu hiyo ni mali yako, dini imekupa na hakuna wa kukunyang'anya, chumo la mke ni la mke. Fungua akaunti kwa jina lako na iende huko. Je, atajua? Benki haimpigii simu mume. Lakini mimi ningekushauri umwambie kabla hajakutana na meseji au karatasi ya benki kwa bahati mbaya, kwa sababu ukimwambia wewe ni habari, akigundua yeye ni siri. Tena humwambii kama mtu anaeungama. Mwambie katika hizi pesa laki na nusu ni zangu za achari, nataka zitengane na za mashua tusije tukachanganya haki, na wakati wa kununua mashua ukikaribia kama nitasaidia nitasaidia kwa hiari yangu. Mwanamume anaeogopa riba ni mtu anaeogopa haramu, ataielewa hesabu ya haki ya mtu kuliko unavyodhani.

Basi mimi ningegawa hivi. Elfu arubaini zibaki nyumbani, mahali pawili tofauti, manake boti ya usiku ya mgonjwa haingoji benki ifunguliwe, na kuna siku mtandao umelala na ATM haitoi. Laki tatu na nusu za mashua kwa akaunti ya mumeo kwenye benki ya kiislamu anayoridhika nayo. Laki mbili za mashua zilizobaki pamoja na laki na nusu yako kwa jina lako, benki nyengine, akaunti mbili mbalimbali. Kila upande umo ndani ya laki tano. Na mwandikiane karatasi, hata kwa mkono, kwamba zile laki tatu na nusu na laki mbili ni za mashua ya nyote wawili na laki na nusu ni ya mama, mtie sahihi na kaka yako awe shahidi ilimradi tayari ameshajua.

Siku ya kwenda nendeni wawili, asubuhi benki ikifunguliwa, msimwambie mtu na msipitie popote. Mkiweza pelekeni kwa mafungu, wiki hii benki moja wiki ijayo nyengine. Hesabuni nyumbani muandike, mhesabiwe tena mbele yenu pale dirishani, na usiondoke bila risiti yenye muhuri na meseji ya benki imeingia. Bebeni vitambulisho na PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, bila hiyo hamfunguliwi akaunti. Mtaulizwa pesa zimetoka wapi, msiogope, sio polisi, wanauliza kila anaeleta taslimu nyingi, semeni ukweli, achari na bahari, na kama una meseji za M-Pesa za wateja wako wa Mombasa ndio ushahidi wako huo.

Na kabla hujatia sahihi popote uliza chaji moja moja. Wanakata kiasi gani kila mwezi? Kutoa dirishani ni ngapi, na kwa ATM? Kiwango cha chini cha kubaki kwa akaunti ni kipi? Nikitoa kwenda M-Pesa mnanikata ngapi? Waandike kwa karatasi uende nayo nyumbani ukalinganishe na ya benki ya pili, na wakikuharakisha wewe nyanyuka uende zako, kuna nyengine hapo hapo mjini.